Mji Uliokabidhiwa: Dar es Salaam na Uzaramo katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914–1918

Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki tangu 1891. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, mji ulikuwa na wakazi elfu ishirini na ushei, bandari iliyojikunja ndani ya nchi kavu, kituo cha simu ya upepo kilichozungumza na meli za Kijerumani baharini, na mwanzo wa reli ya kati, iliyoanza kujengwa 1905 na kufika Kigoma mwaka huohuo wa 1914. Kwa hesabu yoyote ya kijeshi, mji huo ulistahili kugombaniwa. Tanga iligombaniwa kwa siku tatu Novemba 1914, na Mahiwa, kule Lindi, ikala maelfu ya watu kwa siku nne za Oktoba 1917. Dar es Salaam ilikabidhiwa tu, tarehe 4 Septemba 1916, bila pambano la nchi kavu.

Kwa sababu hiyo vitabu vingi vya vita huupa mji huu kurasa chache, kana kwamba ulinusurika. Ukweli ni kwamba vita vyake vilianza pale ambapo vitabu hivyo vinaiacha habari yake. Mizigo mizito ya miaka ile haikuangukia majengo ya ufukweni, iliangukia mabega na ghala za watu wa Uzaramo, yaani nchi iliyouzunguka mji, ambayo sehemu yake leo ni mitaa ya Temeke na Kinondoni, na sehemu nyingine ni wilaya za Kisarawe na Mkuranga.

Mji wa wakati ule ulikuwa mdogo. Ulianzia Magogoni na kuishia karibu na Gerezani na Mnazi Mmoja. Msasani kilikuwa kijiji cha kale cha wavuvi. Mtoni na Mbagala vilikuwa vijiji vya njiani, na pande za Kinondoni na Temeke zilikuwa nchi ya minazi, mihogo na mpunga wa mabondeni. Njia mbili kubwa zilitoka mjini zikipita huko: ya kaskazini iliyokwenda Bagamoyo na ya kusini iliyokwenda Rufiji hadi Kilwa. Watu wa vijiji hivyo ndio waliouletea mji chakula, kuni na vibarua. Serikali ya Kijerumani iliwatawala kupitia maakida na majumbe, na ilidai kodi kwa fedha taslimu, jambo lililowalazimisha kuuza mazao au nguvu zao kila mwaka.

Tena walikuwa hawajasahau. Vita vya Majimaji vya 1905–1907 vilifika Uzaramo, na Kibasila wa Kisangire, aliyewaongoza watu wake kukataa pamba ya shuruti, alinyongwa na Wajerumani. Jina lake leo limeandikwa kwenye lango la shule ya sekondari pale Temeke. Waliokuwa vijana wakati wa Kibasila walikuwa watu wazima wenye nyumba na mashamba mwaka 1914, na walijua serikali ikipungukiwa chakula au watu huenda kuvitafuta wapi.

Mwanzoni ilionekana kama vita vingepita mbali. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lake lisiguswe. Alitegemea mkataba wa Berlin wa 1885, ambao uliziruhusu nchi za eneo la Kongo, koloni lake likiwemo, kujitangaza kuwa hazimo vitani. Kamanda wa jeshi la koloni, Paul von Lettow-Vorbeck, alitaka kinyume chake: kuwavuta Waingereza wengi kadiri inavyowezekana ili wasipelekwe Ulaya. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilifika mbele ya mji na kufyatua mizinga ikikilenga kituo cha simu ya upepo. Wajerumani wenyewe waliuangusha mnara wake, na wakazamisha chelezo kinachoelea kwenye mkondo mwembamba kati ya Magogoni na Kigamboni ili manowari zisiingie. Schnee akakubaliana na nahodha wa Kiingereza kwamba mji usitumike kivita, London ikayakataa makubaliano hayo, na Lettow-Vorbeck hakuyataka tangu mwanzo. Schnee alihamishia serikali yake Morogoro. Ugomvi wa hao wawili uliendelea hadi mwisho wa vita, na raia hawakufaidika nao kwa lolote.

Baharini mambo yalikwenda haraka. Meli ya kivita Königsberg ilikuwa imeng'oa nanga Dar es Salaam tarehe 31 Julai, siku chache kabla ya vita. Tarehe 20 Septemba iliishambulia manowari Pegasus ikiwa Unguja na kuizamisha, kisha ikajificha katika mikono ya mto Rufiji. Waingereza waliogopa kwamba meli za biashara zilizobaki Dar es Salaam, yaani König, Feldmarschall na Tabora, zingeisaidia. Tarehe 28 Novemba 1914 walituma mashua ndani ya bandari kuziharibu. Bendera nyeupe zilikuwa zikipepea mjini, mashua zilipokuwa zikitoka zikamiminiwa risasi, na hadi leo kila upande una maelezo yake juu ya nani alivunja ahadi. Manowari zilijibu kwa kuupiga mji mizinga. Jumba la gavana liliharibiwa vibaya. Ikulu ya Dar es Salaam inayojulikana sasa ni jengo la Waingereza la 1922, lililosimamishwa palepale kwa ramani ya J. H. Sinclair.

Kwa majengo, hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi ya vita vya Dar es Salaam.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya kufungiwa. Waingereza waliziba pwani na kuitwaa Mafia Januari 1915. Meli mbili tu za kupenya ndizo zilizofika kutoka Ujerumani: Rubens, iliyoingia ghuba ya Manza karibu na Tanga Aprili 1915, na Marie, iliyofika Sudi Machi 1916. Nguo, chumvi, sabuni, mafuta ya taa na dawa viliadimika. Kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara, kiligeuzwa kiwanda cha vitu vya kuziba pengo, ikiwemo dawa ya malaria. Fedha za chuma zilipokwisha, serikali ilichapa noti zake kwa karatasi iliyopatikana, na mwaka 1916 ikagonga sarafu za dhahabu Tabora. Mkulima wa Uzaramo aliyeuza mpunga wake kwa jeshi alilipwa kwa karatasi hizo. Noti hizo zilikuwa na thamani maadamu bendera ya Kijerumani ilikuwa juu. Ilipoteremshwa, aliyekuwa nazo alibaki na karatasi.

Kisa cha mizinga ya Königsberg kinaonyesha vizuri jinsi vita vilivyoifikia nchi hii bila kupiganwa ndani yake. Meli hiyo iliangamizwa Rufiji tarehe 11 Julai 1915 na manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey. Wajerumani wakaitoa majini mizinga yake 10 mikubwa. Kila mmoja ulivutwa kwa kamba na mamia ya watu, kupitia matope ya Rufiji na mchanga wa Uzaramo, mpaka karakana za reli za Dar es Salaam zilizoitengenezea magurudumu. Kutoka hapo mizinga ilitawanywa kote kolonini. Katika vitabu vya Ulaya hiki ni kisa cha werevu wa mabaharia na mafundi wa Kijerumani. Waliovuta kamba hawakuandikwa majina.

Katikati ya 1916 majeshi ya Kiingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalishuka kutoka Kilimanjaro kuelekea reli ya kati. Bagamoyo ilitwaliwa kutoka baharini tarehe 15 Agosti, na Morogoro iliingiwa tarehe 26. Dar es Salaam ikabaki imekatwa na bara. Wanajeshi wa Kijerumani waliondoka, wakavunja madaraja ya reli nyuma yao, na kuwaacha wagonjwa, wauguzi na raia. Tarehe 4 Septemba mji ulijisalimisha kwa kikosi kilichotoka Bagamoyo na manowari zilizokuwa mbele ya bandari. Siku 15 baadaye Wabelgiji, washirika wa Waingereza, waliingia Tabora.

Hapa inafaa kutazama mbali kidogo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, New Orleans, mji mkubwa kuliko yote katika majimbo ya kusini, uliangukia mikononi mwa jeshi la majini la kaskazini mwishoni mwa Aprili 1862, karibu bila kupiganiwa. Haukuteketea kama Atlanta. Badala yake uligeuzwa kituo cha kuendeshea vita ndani ya Louisiana na juu ya mto Mississippi, na kwa miaka mitatu mashamba ya jimbo hilo yalilisha majeshi mawili. Mji unaokabidhiwa mapema huokoka moto, lakini hauachiwi kupumzika, kwa kuwa mshindi anauhitaji mzima ili aanzie hapo safari nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam. Lettow-Vorbeck hakuwa ameshindwa. Alikuwa akirudi nyuma kusini kuelekea mto Rufiji, katika nchi isiyo na reli, yenye barabara chache na mbung'o walioua ng'ombe, punda na farasi kwa maelfu. Ili kumfuata, jeshi la Kiingereza lilihitaji bandari kubwa ya kupokea watu na shehena, na lilikuwa limeipata. Kikosi cha Wanaijeria kilishushwa hapo Desemba 1916. Wahindi, Waafrika Kusini, watu wa Gold Coast na askari wa KAR (King's African Rifles) walipita mjini wakienda kwa reli hadi Ruvu na Morogoro, kwa miguu hadi Rufiji, au kwa meli hadi Kilwa na Lindi. Wagonjwa walirudi kwa njia zilezile, na hospitali za mji zikafurika.

Mbung'o ndiye aliyeamua sura ya vita hivi kuliko jenerali yeyote. Mnyama wa mizigo akifa, mzigo unabebwa na mtu, na mtu anakula. Hesabu yake ni fupi. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi na alihitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, kilo 20 amezila mwenyewe, na askari aliye mstari wa mbele anapata kilo 5. Umbali ukiongezeka kidogo, mpagazi hafikishi kitu. Kwa hiyo kila kilomita ambayo Lettow-Vorbeck alirudi nyuma ilidai maelfu ya mabega mapya, naye alilijua hilo vizuri. Mkakati wake uliosifiwa sana Ulaya ulikuwa, kwa lugha ya vijijini, mkakati wa kuwamaliza wapagazi, wa adui na wake mwenyewe. Wake hata malipo waliyapata kwa nadra.

Waingereza waliwatumia watu wapatao milioni moja kwa kazi ya upagazi katika vita hivi, wakitoka Kenya ya leo, Uganda, Nyasaland, Kongo, Msumbiji na ndani ya koloni la Kijerumani lenyewe. Huko Kenya uandikishaji wa shuruti ulifikia kilele 1917. Katika maeneo yaliyotekwa, Uzaramo ikiwemo, watawala wapya waliwakuta maakida na majumbe wale wale waliokuwa wakiwakusanyia Wajerumani watu, na wakawapa kazi ileile. Bendera ilibadilika, mtu wa kubisha hodi alfajiri hakubadilika. Idadi rasmi ya vifo vya wapagazi upande wa Waingereza inapita 95,000, na wanahistoria wengi huiona ni ndogo kuliko ukweli.

Wachache kati yao waliuawa kwa risasi. Chakula na mvua viliua zaidi. Mgao ulikuwa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya, ukitolewa kwa watu waliozoea ndizi, wali au mtama, na bila muda wala sufuria za kuupika ukaiva. Tumbo likaharibika, na kuhara damu kukafuata. Malaria, homa ya mapafu na funza wa miguuni viliwamaliza waliosalimika. Mvua za mwanzoni mwa 1917 zilikuwa kubwa mno. Bonde la Rufiji likawa ziwa, na majeshi yote mawili yakakaa majini yakila nusu mgao. Smuts alikuwa ameshaondoka Januari kwenda London, akisema kwamba vita vimekwisha, na waliobaki waliendelea kupigana kwa karibu miaka miwili zaidi.

Kambi kubwa ya wapagazi wa Dar es Salaam iliwekwa magharibi ya Mnazi Mmoja, kwenye ardhi ya shamba la Mjerumani Schoeller ambayo serikali ilikuwa imeinunua karibu na 1914 ili kuwahamishia Waafrika. Palikuwa na jengo la soko lililosimamishwa na Wajerumani lakini halijaanza kutumika. Likafanywa makazi ya kikosi cha wapagazi, na jina la kikosi hicho kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililobaki katika vinywa vya watu kuwa Kariakoo. Soko lilianza kazi yake 1923. Jengo linalojulikana sasa ni la miaka ya 1970, kazi ya msanifu Beda Amuli.

Upagazi uliathiri pia waliobaki nyumbani. Katika kilimo cha Uzaramo, kufyeka na kuchoma shamba jipya ni kazi ya wanaume, nayo ina msimu wake. Mwanaume akikamatwa kabla ya mvua, shamba halifyekwi, na mwaka unaofuata kaya haina mavuno hata kama yeye amerudi hai. Wanawake walibaki na mihogo, ambayo huvumilia kuachwa ardhini na haionekani kirahisi na askari wa kukusanya chakula. Nafaka iliyokuwa ghalani ilichukuliwa na yeyote aliyetangulia kufika. Mfano mkali kuliko yote ulitokea bara, Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka na watu, kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, iliua watu wapatao 30,000 kati ya 1917 na 1920.

Mwishoni mwa 1918 homa kubwa ya mafua iliyoizunguka dunia iliingia kwa meli na kusambaa kwa reli na njia za wapagazi. Iliwakuta watu waliokwisha kudhoofu. Makadirio ya vifo katika nchi yote ni kati ya 50,000 na 80,000, na hivyo ugonjwa wa miezi michache huenda uliua watu wengi kuliko bunduki zote za miaka minne.

Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, akarudi, kisha akaingia Rhodesia ya Kaskazini na kuweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na Wazungu 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100.

Askari hao hawakuwa na historia moja. Wengi walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, pamoja na vizazi vya Wasudani na Wazulu walioletwa na kamanda Mjerumani Wissmann wakati wa kuiteka pwani. Wengine walipotekwa walibadili jeshi, na batalioni ya 6 ya KAR ilijazwa watu waliowahi kuapa kwa Kaisari. Kleist Sykes wa Dar es Salaam, mwana wa askari Mzulu aliyeitwa Sykes Mbuwane, alipigana chini ya Lettow-Vorbeck, kisha akafanya kazi reli chini ya Waingereza. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Association, chama ambacho, baada ya mabadiliko kadhaa, kilizaa TANU 1954. Ni vigumu kuona jambo jingine lolote jema lililotoka katika vita hivi, nalo si vita vilivyolikusudia.

Ngoma ya beni nayo ilipata nguvu mpya. Ilizaliwa pwani ya Kenya kabla ya vita, ikasambazwa na askari, wapagazi na wafungwa wa vita, na baada ya 1918 Dar es Salaam ilikuwa na vyama viwili vilivyoshindana: Marini, chama cha makarani na wenye hadhi, na Arinoti, chama cha vibarua na watu wa kuja. Vyeo vya kijeshi, sare na gwaride vilichezwa barabarani, na washiriki walisaidiana katika maradhi na mazishi. Kwa mtu aliyefika mjini na kikosi cha wapagazi na asiyeweza kurudi kwao, Arinoti ilikuwa ndiyo ukoo wake.

Utawala mpya ulijipanga taratibu. Jina Tanganyika lilitangazwa 1920 chini ya gavana wa Kiingereza Horace Byatt, na idhini ya Shirika la Mataifa ikafuata 1922. Wajerumani walirudishwa kwao na mali zao kuuzwa kama mali ya adui. Majengo mengi ya katikati ya mji yalinunuliwa na Wahindi. Shilingi ilichukua nafasi ya rupia. Mgawanyo wa mji kwa rangi, ambao Wajerumani waliuanza, Waingereza waliukamilisha: Uzunguni mashariki, Uhindini katikati, na Waafrika kuanzia Kariakoo kwenda magharibi, Mnazi Mmoja ikiachwa wazi katikati. Kinondoni na Temeke zilibaki nje ya mpaka huo kwa miaka mingi.

Kumbukumbu za vita zilifuata mgawanyo uleule. Sanamu ya Wissmann iliondolewa Waingereza walipoingia, na mwaka 1927 mahali pake ikasimamishwa sanamu ya shaba ya askari, kazi ya James Alexander Stevenson, kwa heshima ya askari na wapagazi Waafrika. Haina jina hata moja, na anayeonekana juu ya nguzo ni askari mwenye bunduki, si mpagazi. Mwaka 1968, barabara mpya ilipohitaji nafasi, makaburi 660 ya vita hivyo yaliondolewa makaburi ya Ocean Road na kupelekwa kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Bagamoyo. Wazungu walihamishwa kila mmoja na jiwe lake. Katika sehemu ya Waafrika makaburi hayakuwa yamewekewa alama, kwa hiyo masalia yalizikwa pamoja katika kaburi moja lenye ukuta wa kumbukumbu.

Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti juu ya utaratibu huo na kuomba radhi. Ripoti ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba haikuwa kwa kukosa taarifa peke yake: maofisa wa miaka ya 1920 waliamua kuwa jiwe lenye jina halimfai mpagazi.